Kanga Waliolipa Riba kwa Manyoya

Paukwa!
Pakawa!
Watoto nimewasikia. Na nyinyi wakubwa wenye madeni, mbona kimya? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Kanga alikuwa na manyoya mpaka utosini. Ngiri naye alikuwa kama alivyo leo: ngozi tupu, meno nje.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Baba Kanga na Mama Kanga wakaishiwa chakula. Wakaenda kwa Ngiri, mwenye shimo lililojaa mtama.

"Chukueni kapu zima," akasema Ngiri. "Riba yangu ndogo tu. Kila jua likichwa, unyoya mmoja, mpaka kapu lirudi limejaa."

"Unyoya tu?" Baba Kanga akacheka. "Manyoya yangu nani aliyeyamaliza?"

Wakala. Jua likachwa, chwi! Unyoya. Jua likachwa, chwi! Unyoya. Mtama ukaisha, riba haikuisha. Baba Kanga akabaki kifua wazi. Mama Kanga akajifunga jani la mgomba. Ngiri akayabandika manyoya yote mwilini kwa ulimbo, akatembea njiani akijiita Ndege Mkuu.

Binti yao, Madoa, aliishi ng'ambo ya mto. Siku alipokuja kuwasalimu, akashtuka.

"Mama! Mbona umevaa mgomba?"

"Joto, mwanangu."

"Na Baba anatetemeka kwa joto?"

Mama akalia, akasema yote. "Yamebaki ya mbawa tu. Tukiyatoa hatutaruka mtini. Mbweha atatukuta chini."

Madoa akang'oa manyoya ya kichwa chake mwenyewe, chwi chwi chwi! Akampelekea Ngiri ili asubiri kidogo. Kisha akaenda kwa Kobe.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Ma... ra... ha... ba."

Akangoja salamu iishe. "Nikopeshe kapu la mtama, nikawakomboe wazazi wangu. Deni litakuwa langu. Nina shamba, nitakurudishia kila mavuno, kidogo kidogo. Riba yako nini?"

Kobe akanyoosha shingo. "Hapa... panawasha. Mkono... haufiki. Nikune kila asubuhi."

"Na kapu likirudi, kukuna kunakwisha?"

"Kuna... kwisha."

Madoa akauliza tena. Kobe akajibu tena. Ikawa adhuhuri.

Siku ya gulio Madoa akambwagia Ngiri kapu mbele ya wanyama wote. Pu!

"Mzee Ngiri, mtama wako huu."

Ngiri akababaika. Mtama hakuutaka. Alitaka mbawa! "Kulipa ghafla hivi ni kukosa adabu," akasema. "Tena halijajaa." Akalitikisa kapu, chaka chaka! Mtama ukashuka. Madoa alikuja na kifuko cha mtama wa akiba. Madoa akajaza. Ngiri akatikisa, chaka chaka chaka! Madoa akajaza.

"Bado!" Ngiri akalikumbatia kapu, akatikisa kwa mwili mzima. Jua lilikuwa kali. Ulimbo ukayeyuka. Pruuu! Manyoya yakaruka huku na huku. Ndege Mkuu akabaki makalio wazi gulioni.

"Kapu limejaa!" wanyama wakapiga kelele. "Tumeona kapu, na mengine tumeyaona!"

Ngiri akarudi kinyumenyume mpaka shimoni, asionekane nyuma. Ndiyo maana mpaka leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume.

Asubuhi Madoa akawaamsha wazazi. "Twendeni tukakune."

"Mimi, baba wa watu, nimkune Kobe shingo?"

"Baba, utakuna huku manyoya yako yakiota. Mlinificha mkaishia uchi. Sasa tulipe pamoja."

Wakakuna, kwaru kwaru. Wakavuna, wakarudisha. Manyoya yakaota kila mahali, ila kichwani. Kapu la Kobe lilipojaa, Baba Kanga akapiga kifua. "Deni limekwisha! Tukakope kidogo, tufanye sherehe!"

Mama Kanga akamdonoa utosini, do! Utosi mtupu huuma. Baba Kanga hakulitaja tena neno kukopa.

Mzazi akizama kwenye deni, asimfiche mwanawe. Na mwana anayekopa ili amwokoe mzazi, aulize kwanza riba ni nini na itakoma lini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeitaka tena asiikope, aniombe.