Kwa Nini Kombe la Barafuni Limebonyea

Enzi hizo ziwa la juu mlimani liliganda mwaka mzima, na kila kiangazi kilipokaribia, vijiji viwili, Juu na Chini, vilicheza magongo juu ya barafu yake. Walijifunga mifupa ya ng'ombe miguuni ili wateleze, wakagombea kisahani cha mti. Lango lilikuwa moja, wakipokezana kulilinda, na ndani yake lilisimama kombe la shaba. Bao halikuhesabiwa mpaka kombe lilie. Walioshinda waliondoka na kombe pamoja na haki ya kumwagilia mashamba kwanza kwa maji ya kijito kitokacho mlimani.

Miaka nenda miaka rudi Juu walishinda, na maji yalifika Chini yakiwa tope. Migomba ya mama yake Ndekusara, nahodha wa Chini, ilibaki vigutu. Ilimuuma sana, wala hakuficha.

Mwaka ule Juu walitangulia kwa bao moja. Zamu yao ya kulinda ilipofika, nahodha wao Mtengie, mtu wa maneno mengi, alilibeba kombe mwenyewe, akazunguka nalo akijitapa, kisha akalirudisha langoni. Siku hizo yeyote aliruhusiwa kulishika.

Ndekusara akapiga. Kisahani kikaingia, kombe kimya.

"Sikusikia kitu," mwamuzi akasema.

Akapiga tena. Kimya. Mtengie akacheka. "Dada, rudi ukapalilie migomba."

"Migomba ipi?" Ndekusara akamjibu. "Sitoki hapa mpaka lilie."

Akarudi nyuma hadi ukingoni, akaja mbio, akapiga kwa nguvu zote zilizombakia. Kombe likabonyea ubavuni, likapinduka, na majani mabichi ya mgomba yakamwagika barafuni. Mtengie alikuwa amelishindilia alipozunguka nalo. Watu wa Juu wenyewe waliona aibu.

"Nayahesabu yote matatu," mwamuzi akasema.

"Hapana, baba," Ndekusara akamwambia. "Hesabu yatakayolia."

Kombe likasimamishwa tupu. Akapiga, likalia. Akapiga tena, likalia, na Chini wakapata maji.

Mhunzi alipokuja kulinyoosha, Ndekusara alimzuia. "Liache. Hapo ndipo lilipokataa kunyamaza."

Na tangu siku hiyo, popote wachezapo magongo ya barafuni, mchezaji haligusi kombe kabla ya kulishinda, na fundi anayeling'arisha huliacha lile bonyeo lilivyo. Ukiligonga hapo, linalia.