Hoja za Tumpe za Kutetea Chumba cha Adhabu

Ndugu msomaji, hadithi hii itakuchukua dakika mbili. Ikikuridhisha, mfikishie mwalimu mmoja unayemfahamu.

Katika shule moja ya sekondari palikuwa na stoo tupu yenye kufuli kubwa. Mwanafunzi aliyekosa alifungiwa humo saa za masomo, na kila alipokosa tena, siku zake ziliongezwa mara mbili. Wanafunzi waliiita Gereza.

Mwalimu Atupele, aliyefundisha uandishi na ujengaji wa hoja, aliomba adhabu hiyo ikomeshwe. Mkuu wa Shule akamjibu, "Fanyeni mdahalo. Wapinzani wa adhabu wakishinda, ufunguo ni wako."

Pande ziligawanywa kwa kuokota vikaratasi. Tumpe, binti aliyekuwa bado anadaiwa siku kumi na sita za kufungiwa, akaokota "Kutetea".

"Tumpe, boronga basi!" wenzake wakamsihi. "Ukishinda, unajifungia mwenyewe!"

"Nimepewa upande, nitautetea kwa ushahidi."

Siku ilipofika, alisimama na daftari lake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, chumba hiki hurekebisha watu. Ushahidi ni mimi. Nilichelewa, nikafungiwa siku moja. Nikakosa kipindi cha hesabu, nikashindwa zoezi: siku mbili. Nikakosa vipindi viwili, nikafeli jaribio: siku nne. Kisha nane. Sasa kumi na sita. Kwa mwendo huu, adhabu ya nane itafikisha jumla ya siku 255, ilhali mwaka wetu una siku 194 za masomo. Kwa hiyo, upande wa kutetea unaomba mwaka urefushwe, ili nimalize kurekebishwa."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mkuu akasimama.

"Siku ile ya kwanza, ulichelewa kwa nini?"

"Ulinituma chaki dukani, Mkuu."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, Mkuu. Na fomu ya adhabu haina nafasi ya maelezo."

Mkuu akavua miwani, akaifuta, kisha akaanza kucheka hata akashika meza. Akamkabidhi Mwalimu Atupele ufunguo papo hapo.

"Tia madawati humo," alisema. "Anayekosa aje aandike kilichotokea. Nitasoma mwenyewe."

Kura zilipigwa hata hivyo. Upande wa Tumpe ulishindwa, 311 kwa sifuri. Hata yeye hakujipigia. Lakini ndiye aliyebebwa mabegani kuzunguka uwanja mzima.

Funzo: Adhabu isiyotanguliwa na swali huzalisha makosa inayodai kuyaponya; kabla hujamfungia mtu mlango, mpe nafasi ya kujieleza.