Picha ya Mzee Lugendo Mtaroni

Mzee Lugendo, tajiri wa malori aliyeutamani udiwani, aliwakuta wanachama wa kikundi cha kujitolea wakizibua mtaro wa sokoni. Akaamuru apigwe picha moja akiwa na koleo, la sivyo wahame kwenye banda lake wanalofanyia mikutano.

Mwenyekiti wao, Bi Sikudhani, hakubisha. Alileta kamera kubwa ya kizamani, akafumba jicho moja.

"Mbona uso mkavu hivyo, mzee? Watu watasema umekuja kuuza sura. Chota kidogo."

Lugendo akachota tope mpaka jasho likamtoka.

"Sasa viatu ndivyo vinavyokuumbua. Ingia ndani."

Akaingia, tope likamfika magotini. Wanachama wakakaa ukingoni wakinywa uji.

"Mwanga umehama. Sogea mbele, uufuate mtaro, na koleo lisisimame."

Adhuhuri maji yakapita yote. Soko zima likapiga makofi. Lugendo akapanda juu akihema, akanong'ona, "Hebu nione picha yangu."

"Kamera hii ilikufa zamani, mzee," Bi Sikudhani akamnong'oneza. "Huwa tunaitoa wakija wageni rasmi. Tabasamu basi, wapiga kura wako wanakutazama."