Mashavu na Kasuku Asiyefuta

Nije nisije?
Njoo!
Nije mikono mitupu?
Njoo na kisa chako!

Walikuwapo Mama Pimbi, bintiye Mashavu, na wadogo watatu wa Mashavu, wachanga wasioweza hata kutambaa. Walikuwapo Bibi Nungunungu jirani yao, Kasuku, na Chui. Hao tu. Mimi sikuwapo.

Mlimani kulikuwa na desturi. Kila asubuhi wanyama humpa Kasuku neno, naye huruka nalo jabali hadi jabali. Wakilipenda, hugonga miguu: ko-ko-ko! Mashavu, kigori anayeinukia, alizipenda hizo ko-ko-ko kuliko majani mabichi.

"Kasuku, waambie mama hutoka adhuhuri."
Ko-ko-ko!
"Kasuku, waambie wadogo zangu wamenona."
Ko-ko-ko!
"Kasuku, waambie tunalala kwenye ufa wa jiwe jekundu."
Ko-ko-ko-ko-ko!

Mguu mmoja katika hiyo ulikuwa mzito, wenye kucha. Mashavu hakuutambua.

Asubuhi moja akamwona Chui chini ya mti wa Kasuku.

"Nipe habari za Pimbi," Chui akasema. "Za mwezi huu na za mwezi uliopita."

Kasuku akazimwaga zote. Chui akajilamba. "Basi ni adhuhuri ya leo."

Mashavu akajibanza nyuma ya jabali. Chui alipoondoka, akamkimbilia Kasuku.

"Kaka Kasuku, yafute yale!"

"Kufuta? Mimi hutangaza, sifuti."

"Lakini ni maneno yangu!"

"Yalikuwa yako kabla hujanipa."

Akarudi kwa mamaye akilia, akamweleza yote. Mama Pimbi hakumpiga wala hakumwita mjinga. Alimpangusa kamasi kwanza. Kisha akasema, "Yameshatoka, mwanangu. Sasa tufanyeje?"

Mashavu akawaza. Akaenda kwa jirani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba ruhusa niitaje nyumba yako kwa Kasuku."

"Leo umejua kuomba ruhusa!" Bibi Nungunungu akacheka, kisha akamtazama machoni, akaacha kucheka. "Itaje. Mimi nitageuza mgongo mlangoni."

"Kasuku, waambie tumehama! Wadogo zangu wamelala kwenye shimo la chini ya mkuyu."

Ko-ko-ko!

Adhuhuri Chui akaja. Nyatu, nyatu, nyatu. Ndani ya ufa, Mashavu akawafunika wadogo zake kwa tumbo lake, pumzi ameibana. Nyatu, nyatu. Chui akalipita jiwe jekundu bila kugeuka. Akafika mkuyuni, akatia mkono shimoni kwa pupa, mpaka begani.

Chwa!

"Yalaa!"

Akatia wa pili auokoe wa kwanza. Chwa-chwa!

Chui akaukimbia mlima akichechemea, Kasuku juu yake: "Chui analia! Chui analia!" Chui akamsihi alifute hilo. Wapi! Mlima mzima ukagonga miguu. Mashavu hakugonga. Alikuwa akiwahesabu wadogo zake, mmoja, wawili, watatu, kisha akaanza upya.

Funzo lake, wanangu: mwambieni Kasuku kila kitu, hata mnapolala. Mna wasiwasi gani? Kila nyumba ina Nungunungu wake jirani, mchana kutwa yupo, kazi yake kuwageuzia mgongo maadui zenu.

Nimekitua hapa kisa changu. Mwenye nguvu akibebe.

Masika yaliyofuata Mama Pimbi alizaa tena. Majirani walimjua mtoto siku alipotoka mwenyewe kuota jua.