Nguchiro na Kundi la "Tuko Pamoja"

Hapo zamani za kale, wanangu, ila si kale ya kupitiliza maana simu zilikwisha kufika porini, aliishi Nguchiro, mnyama mdogo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa akili. Kazi yake ilikuwa kuuza mayai mtandaoni. Ndiyo, Nguchiro, mla mayai, kuuza mayai! Msicheke, biashara ni biashara.

Alikuwa kwenye kundi la simu la wajasiriamali, lenye wakubwa watupu: Bi Kiboko muuza mafuta ya ngozi, Bwana Nyati mwalimu wa mauzo, na Mzee Tembo muuza miche. Kila siku saa kumi alfajiri lazima uandike kwamba umeamka, umekimbia, umeoga maji baridi. Wenzako hujibu, "Hongera mkuu! Tuko pamoja!" Asiyeandika huitwa mvivu.

Nguchiro akachoka. Akaitega simu yake iandike yenyewe kila alfajiri, na imjibu yenyewe kila mtu. Yeye akajilalia fofofo.

Siku moja homa ikamshika. Siku tatu hakuinuka kitandani, wala hakuna aliyempa hata maji. Kando ya mto wake wa kulalia simu inalia, ting! ting! Akaichungulia. Imeandika: "Nimeamka! Nimekimbia hadi mtoni!" Na chini yake: "Hongera mkuu! Tuko pamoja!"

"Pamoja na nani?" aliuliza Nguchiro.

Nyumba ilikuwa kimya. Alilia, wanangu, alilia hasa, maana alijua kwamba hata akifa, simu itaendelea kuamka alfajiri.

Homa ilipomwacha, hila ikamjia. Akaandika ujumbe mrefu, mrefu, akauita "Tabia Ishirini za Waliofanikiwa". Baina ya tabia ya kumi na moja na ya kumi na mbili akapenyeza maneno haya: "Atakayejibu tuko pamoja, ameahidi kuja kwangu Jumamosi mchana na mzigo wa kuni, tule, tukae mpaka jua lizame."

Ting! "Tuko pamoja!" Bi Kiboko huyo. Ting! "Tuko pamoja, mkuu!" Bwana Nyati. Ting! Mzee Tembo naye. Hata dakika haikuisha.

Jumamosi asubuhi Nguchiro akaanza kupiga simu.

"Bi Kiboko, kuni zangu ziko wapi?"

"Kuni gani tena, we Nguchiro?"

"Soma baada ya tabia ya kumi na moja. Au niwaambie wateja wako kwamba neno lako halishiki?"

Bi Kiboko akaufungua ujumbe, akausoma. Kisha, "Ala! Umenipata!"

Bwana Nyati akafoka, akapiga kwato chini, gu! gu! Lakini naye akaenda kukata kuni. Hebu wafikirieni wakubwa wawili wale, wakihema mizigo mgongoni, kwa amri ya Nguchiro! Puu! Wakaitua mlangoni. Mzee Tembo alipigiwa mara nne, hakupokea.

Nguchiro alikuwa amepika wali wa nazi na kunde, ametandika mkeka, moyo unamdunda kwa furaha.

"Karibuni, karibuni! Kaeni!"

"Ngoja, usiguse sahani," alisema Bi Kiboko, akaipiga picha.

"Nilikuwa na homa, jamani," alianza Nguchiro. "Siku tatu nzima..."

"Hongera mkuu," alijibu Bwana Nyati, macho kwenye simu.

"Nimesema homa."

"Ee, safi sana. Haya, tupige picha sote watatu, halafu tukimbie, kuna kikao."

Wakaondoka wali haujapoa. Hila ilikuwa imefaulu, na Nguchiro alikuwa mpweke kuliko siku za homa.

Hasira ikampanda, na yote akamwelekezea yule ambaye hakuja. Akatoka mbio hadi kwa Mzee Tembo.

"Hodi! Mzee Tembo, umevunja ahadi!"

Uani palikuwa na mikeka kumi na miwili, imetandikwa vizuri, na yote mitupu isipokuwa mmoja. Mzee Tembo alikuwa amekaa hapo peke yake, mkonga chini.

"Ahadi gani, mwanangu?"

"Uliandika tuko pamoja!"

"Sikuandika. Simu yangu hujibu yenyewe. Kama yako."

"Nani kakwambia yangu hujibu yenyewe?"

"Wiki iliyopita mama yangu alifariki," alisema Mzee Tembo. "Nikaandika kwenye kundi: mama hatunaye tena, njooni tumzike. Wewe ukawa wa kwanza kunijibu."

Nguchiro akauliza, "Nilisemaje?"

"Ulisema, hongera mkuu."

Lo! Mjanja wetu akakosa pa kuuficha uso wake. Wenzake amewanasa kwa uvivu wa kusoma, kumbe naye ni mvivu vilevile.

"Nisamehe, mzee. Nilikuwa naumwa, niko peke yangu, sikusoma."

"Ulikuwa unaumwa? Mbona uliandika umekimbia hadi mtoni?"

"Sikukimbia."

Mzee Tembo akamgeukia. "Pole, mwanangu," alisema.

Ilikuwa pole ya kwanza kumfikia Nguchiro tangu homa imwanze, na nusura imlize tena.

"Pole wewe, mzee." Akavua viatu, akapita kati ya ile mikeka mitupu ya matanga, akaketi karibu na lile goti kubwa. "Mama aliitwa nani?"

Mzee Tembo akavuta pumzi, akainua mkonga. "Hujui? Ungejuaje? Hakuna aliyeniuliza. Aliitwa Siwema."

Akaanza kumsimulia, na Nguchiro akasikiliza neno kwa neno.

Hapo ndipo ninapowaachia, wanangu, na funzo lake ni hili: ukitaka mtu awe nawe, nenda wewe ukakae naye.