Kanga Kwenye Mlango wa Gari

Alikuwepo kijana mmoja aliyelipenda gari lake, ndugu zangu, na kwa hilo simlaumu. Lilikuwa jeusi, na alilipata kwa jasho. Ila weusi ule ulikuwa na tabu yake. Juu ya rangi ya gari huwa kuna ganda jembamba lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na klia ya gari lile ilikuwa laini mno. Ukilipitishia kitambaa chenye vumbi kidogo tu, jua likiwaka unaona mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Kijana akanunua mashine ya polishi, sponji laini na dawa laini kuliko zote dukani, akaapa kwamba gari lile litang'aa mpaka mtu anyoe ndevu mbele ya boneti.

Aliishi na mama yake. Macho ya mama yalikuwa yamefifia, kwa hiyo akitaka kupanda alipapasa mlango mpaka aukute mshikio. Siku moja kijana akaziona alama za vidole.

"Mama, hili gari si la kupapasapapasa. Ona ulivyolichafua."

"Nisamehe, baba. Sikuona."

Tangu siku hiyo mama akajipa desturi. Akishagusa, anashika pindo la kanga yake, anafuta. Kila alipogusa, alifuta. Mmekiona kilichotokea? Alama ya kidole inatoka kwa maji. Kanga yenye vumbi la barabarani, juu ya klia laini, inakwaruza. Mlango wa mama ukajaa utando wa buibui kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari.

"Nani anaukwaruza huu mlango?" kijana akafoka.

"Mimi nafuta tu, baba, nisikuachie uchafu."

"Basi usifute. Na usishike kabisa. Nitakuwa nakufungulia mimi."

Ikaja habari kwamba mdogo wake mama, kule Gairo, yuko kitandani na anamtaja dada yake. Kwa macho yale mama asingeweza kupanda basi peke yake, akamwomba mwanawe ampeleke. Kijana hakukataa. Sikilizeni vizuri hapo, hakukataa.

"Nimalizie mlango huu tu, mama. Jumamosi tunakwenda, na gari litakuwa kama kioo."

"Mdogo wangu hajaagiza kioo. Nipeleke nalo hivyo hivyo."

Kijana akacheka. "Ukoo mzima utakuwa pale, mama. Unataka waseme mwanao anaendesha mkweche?"

Jumamosi akapiga polishi, akalisogeza gari juani, akakuta mlango una ukungu. Alikuwa amekandamiza mashine, na klia laini haitaki nguvu. Akaanza upya, safari ikasogezwa. Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa umebaki pembeni, safari ikasogezwa tena. Hatimaye akaupata ule mng'ao. Ndani ya mlango aliona uso wake, mawingu, hata nguo zilizoanikwa kwenye kamba nyuma yake. Akamwita mama aje aone.

Mama akatoka, simu mkononi. Akasimama mbali kidogo na gari.

"Baba, mdogo wangu amefariki."

Safari ikapatikana siku hiyo hiyo. Kijana akamfungulia mlango. "Shika hapa, mama, usije ukaanguka." Mama akaifunga mikono yote miwili ndani ya kanga, akageuka, akajishusha kwenye kiti taratibu kama anayetua ndoo ya maji, bila kugusa popote. Mpaka Gairo mikono haikutoka.

Msibani wanaume wakalizunguka gari. "Bwana, hapa mtu anachana nywele," mmoja akasema. Ndizo sifa alizokuwa akizitafuta. Akainama aone wanachokiona, akamwona mama yake ndani ya mlango, amesimama nyuma yao, mikono ndani ya kanga.

Baada ya maziko akamfuata. "Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe, baba."

Akauchukua mkono wake, akaulaza juu ya mlango. "Shika. Lichafue lote." Mama akauacha pale, kwa kuwa ameombwa. Kijana akamwachia ili amfungulie. Mama akashika pindo la kanga, akaanza kupafuta.

Sasa tuje kwetu sisi. Tumetandika zulia jipya ndani ya chumba hiki cha ibada, na dada yule mwenye mtoto mdogo tukamwambia akae barazani. Tulimwambia kwa upole, ndiyo, na hata kijana yule aliahidi safari kwa upole. Mwenzetu anayekuja na ovaroli ya gereji tumempa kiti cha nyuma, maana picha zetu zinakwenda mtandaoni. Wakanyamaza, wakatii, nasi tukasema hawa wana adabu. Tukajisifu kwamba kwetu hakuna ugomvi. Kwani mama yule aligombana na nani?

Msiniambie tutaomba radhi. Tutaomba, na watatusamehe, pengine walishatusamehe zamani wakati sisi tunahangaika na vipaza sauti. Mimi nawauliza habari ya mkono. Mkono tuliouzoesha kujificha, nani ataukunjua? Mtauombea kwa dakika moja kabla ya matangazo, halafu mseme tumemaliza?

Dada yule amekuja leo. Kabla sijasimama hapa nilikwenda nikamwambia, zulia ni lake pia, aingie na mtoto wake. Akatabasamu, akaniambia, "Hapa panatosha, dada." Mtoto alikuwa amemwaga uji, naye alikuwa amepiga magoti, anafuta baraza letu kwa pindo la kitenge chake.