Sentimita Arobaini Penye Mpaka

Barabara ya Tarrawong na Mirrabel, miji miwili jirani ya Australia, ilikuwa na ngazi katikati. Kila mji ulitengeneza kilomita zake sita, ukazipanua na kuzimwagia lami nyeusi tititi, pande zote mbili zikapendeza kama nguo za sikukuu. Lakini zilipokutana penye nguzo ya mpaka, upande wa Mirrabel ulikuwa juu kwa sentimita arobaini. Tarrawong walipima kimo kuanzia kizingiti cha kanisa lao. Mirrabel walianzia sakafu ya klabu yao ya mpira. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kiwanda cha jibini kilitaka kujengwa Mirrabel, na ng'ombe wote wazuri walikuwa Tarrawong. Wenye kiwanda walisema neno moja tu: lori la maziwa lipite hapo ifikapo Ijumaa ya kwanza ya Mei, la sivyo wanahamia bonde jingine.

Merv Petschel, msimamizi wa barabara wa Tarrawong, alikuwa na sababu yake ya kukosa usingizi. Binti yake Kerrin, fundi wa mitambo ya maziwa, aliahidiwa kazi kiwandani. Alikuwa akiishi Melbourne, ghorofa ya nane, na kitoto kilichomjua babu yake kama sura ya kwenye simu. Merv alikwisha kufunga bembea uani. Kila jioni aliisukuma tupu kidogo, kisha akaingia ndani.

Msimamizi wa Mirrabel alikuwa Col Rudge, kaka wa Noelene, mke wa Merv. Mashemeji hao hawakupikika chungu kimoja tangu fainali ya mpira wa Kiaustralia kati ya miji yao, miaka kumi na tisa iliyopita. Merv alipiga mpira wa mwisho, na Col, mwamuzi wa goli, akaamua kwamba uligusa mlingoti wa goli, kwa hiyo si bao kamili la pointi sita bali pointi moja tu. Tarrawong wakashindwa kwa pointi mbili. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa Noelene, na siku ya Krismasi kila mmoja alikaa ncha yake ya meza.

Halmashauri za miji zilikutana mara mbili. Kila moja ilitaka nyingine ivunje lami yake. Kikao cha pili kiliishia kwenye habari za fainali ile.

Merv akaamua kumaliza mambo peke yake. Alirundika changarawe upande wake ili lori lipande. Lakini daraja la kijito lilikuwa mita tatu tu nyuma yake, kwa hiyo mwinuko ukawa mkali kama paa la nyumba. Lori la majaribio lilipopanda na tangi limejaa, magurudumu yalichimba, changarawe ikamwagika, na lori likalalia tumbo ukingoni kama ng'ombe aliyenasa uzioni. Watu wa Mirrabel, waliokuja na viti vyao, walipiga makofi.

Nyumbani Merv alimwomba mkewe ampelekee Col ujumbe. Noelene aliendelea kumenya viazi.

"Mimi si simu yenu, Merv. Mjukuu wangu anakua huko bila mimi. Nenda mwenyewe, na hiyo keki iko mezani."

Akaenda na keki. Alimkuta Col bandani, chini ya greda.

"Umepotea njia, shemeji?"

"Sijapotea. Nimerushwa kidogo tu pale mpakani kwenu."

"Changarawe yako ilikuwa nzuri," Col alisema. "Imedumu kama barafu kwenye jua la Januari."

Merv alimeza hilo. Akaeleza kwamba yeye akipandisha sentimita ishirini na Col akishusha ishirini, lori litapita. Col alijitokeza, akafuta mikono polepole.

"Ning'oe lami ambayo haijamaliza mwezi? Watu wangu watanila mzimamzima. Nipe kitu cha kuwapelekea."

Merv alitazama viatu vyake. Alifikiria bembea ile.

"Mpira uligusa mlingoti."

Col aliweka spana chini. "Ulijua?"

"Nilisikia mlio wake. Siku ile ile."

Col alicheka mpaka akakaa sakafuni, akajifuta macho, kisha akaikata keki kwa kisu cha kukatia mipira ya greda.

Safari hii walipima kuanzia nguzo ya mpaka, wote wawili wakishika utepe mmoja, wakitukanana asubuhi hadi jioni kama watu wanaopendana. Ijumaa ile lori lilipita bila maziwa kutikisika. Mwezi wa saba Kerrin alirudi kufunga mitambo ya kiwanda, na bembea ikapata mwenyewe.

Gharama yake ilikuwa siku nane za greda mbili, malori sita ya changarawe, mita themanini za lami mpya iliyotupwa, keki moja, na maneno matatu yaliyomkaa Merv kooni miaka kumi na tisa. Peke yake alikwisha kujaribu, na lori lililalia tumbo. Jifya moja haliinjiki chungu.